Kuchora Bandari na Meli kwa Rangi za Mafuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kisumu

Maswali haya hurudi tena na tena kutoka kwa watu wanaotaka kuchora bandari ya Kisumu na fuo za Ziwa Viktoria: Dunga, Usoma, Homa Bay, Mbita. Yanaanzia ya mwanzo kabisa na kuishia kwa yale ya nadra. Ukiwa na haraka, soma kwanza lile la maji yanayoonekana kama ukuta wa buluu, kwa sababu mengine mengi yanalitegemea.

## Kabla ya kuanza

Sijawahi kushika brashi. Naweza kuanza moja kwa moja na meli?

Unaweza, ila anza na chombo kimoja. Mtumbwi mmoja wa mbao uliofungwa ufuoni, maji mbele yake, ukanda wa nchi kavu nyuma na anga juu: humo mna kila somo la bandari. Meli kubwa, kreni na tishari ni yale yale yanayorudiwa kwa ukubwa zaidi. Anayeanza na gati zima hupotelea kwenye madirisha ya meli na matairi ya gatini, akafika majini akiwa amechoka, ilhali maji ndiyo yanayobeba picha yote.

Kwa nini rangi za mafuta, si akriliki wala rangi za maji?

Rangi za mafuta hazikauki kwa kupoteza maji. Mafuta ya kitani yaliyomo huungana polepole na oksijeni ya hewani na kuwa magumu, kwa hiyo unapata siku nzima, pengine mbili, za kulainisha ukingo pale ubavu wa meli unapogusa maji. Ukikosea, unafuta kwa kitambaa na kuendelea. Kwa joto la Kisumu la mchana, akriliki hukauka kwenye paleti kabla hujaamua unachotaka. Rangi za maji ni nzuri mno kwa kuchukua kumbukumbu ufuoni, na ningependa kila mwanafunzi awe na kisanduku chake kidogo.

Gharama ya rangi za mafuta ni bei, harufu na kusubiri. Kama huna dirisha la kufungua, soma kwanza swali la tapentaini na matambara.

Kisumu kuna nini cha kuchora? Si bandari kubwa kama Mombasa.

Hapa ndipo reli kutoka pwani ilipofika Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Meli za kwanza za mvuke ziliundwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi hapa na kuunganishwa upya kando ya ziwa ambalo liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Feri ya mabehewa MV Uhuru, iliyoanza kazi miaka ya 1960, ilirudi majini mwaka 2019 baada ya kulala kwa miaka mingi, na MV Uhuru II imeundwa papa hapa Kisumu. Kwa hiyo unapochora ubavu wa chuma Kisumu, unachora kazi ya mafundi wa mji huu.

Kisha kuna mitumbwi ya wavuvi. Ni myembamba, omo yake, yaani ncha ya mbele, imechongoka, mbao zimepakwa mistari ya rangi kali, na jina la chombo limeandikwa ubavuni kwa herufi ambazo mwenyewe alizichagua kwa makini. Nyuma ya mji kuna ukuta wa vilima vya Nandi. Mbele kuna ghuba ya Winam, mafunjo, magugu maji, na korongo waliosimama kwenye mapaa ya mabanda ya samaki. Mombasa ina meli kubwa zaidi, lakini haina mafunjo na vilima hivi ndani ya picha moja.

Itanichukua muda gani kupata picha ya kuridhisha?

Inategemea unachora mara ngapi kwa wiki. Vipande vidogo vingi, vya ukubwa wa daftari, vitakufundisha haraka kuliko kitambaa kimoja kikubwa unachokihangaikia mwaka mzima.

## Vifaa

Ninunue rangi zipi kama fedha ni kidogo?

Tyubu tano zinatosha kabisa kwa ghuba hii. Majina hubadilika kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo tafuta namba ndogo iliyochapishwa kwenye tyubu: nyeupe ya titani (PW6), buluu ya ultramarini (PB29), njano ya oka (PY43 au PY42), siena iliyochomwa, yaani hudhurungi yenye wekundu (PBr7 au PR101), na nyekundu moja kali kama ya kadimi (PR108). Nunua tyubu kubwa ya nyeupe, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoisha kwanza.

Nyeusi usinunue. Ultramarini na siena iliyochomwa zikichanganywa hutoa giza zito lenye uhai, na ukiongeza nyeupe kidogo kidogo unapata kijivu cha kila namna: cha wingu la mvua, cha zege la gati, cha chuma kilichopauka. Mchanganyiko huo mmoja utautumia kwa nusu ya picha. Ukiwa na akiba baadaye, ongeza umba iliyochomwa, hudhurungi ya giza, kwa sababu hukauka haraka na inafaa tabaka la kwanza, pamoja na njano baridi ya limau kwa ajili ya mafunjo.

Rangi ya mafuta ya milango kutoka duka la vifaa vya ujenzi inafaa?

Kwa picha unayotaka idumu, hapana. Ile imetengenezwa itiririke na ijisawazishe kwenye mlango. Haishiki alama ya brashi, hukauka juu haraka na kuacha ubichi chini, na rangi chache za kuuzwa kwenye mkebe hazichanganyiki vizuri. Mafundi wanaoandika majina kwenye mitumbwi huitumia kwa ustadi mkubwa, na kwa kazi yao ndiyo sahihi.

Naweza kupunguza uzito wa rangi kwa mafuta ya kupikia?

Usijaribu. Mafuta ya kitani hukauka kwa sababu ya maumbile yake ya kikemia. Ya jozi na ya mpopi pia hukauka. Mafuta ya mawese hayakauki kamwe, na ya alizeti hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Nunua chupa ndogo ya mafuta ya kitani yaliyosafishwa kwa ajili ya wachoraji. Yale ya fundi seremala, yaliyochemshwa na kutiwa dawa ya kukausha, hugeuka manjano zaidi.

Na mafuta ya taa?

Kusuuzia brashi, yanaweza kukuokoa siku umeishiwa. Kuchanganya kwenye rangi, hapana, kwa sababu huacha unyevu wa mafuta usiotaka kuondoka. Baada ya kusuuza, osha brashi kwa sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu mpaka povu litoke jeupe, kisha nyoosha ncha kwa vidole na uilaze.

Nichore juu ya nini? Vitambaa vilivyokwisha kutandazwa ni ghali.

Chaguo langu kwa mwanafunzi ni hadibodi. Mwombe seremala akukatie vipande vya sentimita 25 kwa 30 kutoka ubao mmoja, upige msasa upande laini, kisha upake jeso (rangi nyeupe ya msingi) tabaka mbili au tatu, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Havilegei, havitobolewi, na vinabebeka kwenye begi.

Ukitaka kitambaa, marekani nzito inafaa. Itandaze kwenye fremu ya mbao iliyonyooka, ukianza kupigilia katikati ya kila upande na kuelekea pembeni, halafu paka jeso. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya kitambaa kitupu: mafuta hupenya nyuzi, na miaka ikipita huzifanya ziwe dhaifu na kukatika.

Brashi ngapi?

Nne. Mbili bapa za nywele ngumu za nguruwe, moja pana na moja ya wastani. Moja laini ya mviringo. Moja nyembamba yenye nywele ndefu kwa kamba na milingoti. Ongeza kisu cha rangi chenye shingo iliyopinda: kwa kisu utachanganya rangi safi kuliko kwa brashi, na kwa ukingo wake utapiga mstari wa mwanga majini kwa mpigo mmoja tu.

## Maji na mwanga

Mbona maji yangu yanaonekana kama ukuta wa buluu?

Kwa sababu uliyapaka rangi uliyoijua kutoka kalenda badala ya ile iliyo mbele yako. Ghuba ya Winam si ya buluu. Ina kina kifupi, mito huleta udongo, mwani huongeza kijani, na mara nyingi maji yaliyo karibu na miguu yako ni ya hudhurungi yenye ukijani. Ukiinua macho kuelekea mbali, rangi hubadilika na kuwa ya anga.

Sababu yake ni pembe ya jicho. Ukitazama maji chini ya miguu, macho yako yanapenya ndani, unaona udongo. Ukitazama mbali, unayaangalia kwa mlalo, na uso wa maji unakurudishia anga. Kwa hiyo maji yanahitaji angalau hatua tatu: karibu, mchanganyiko wa oka, ultramarini na siena kidogo, katikati, rangi hiyo ikianza kupokea kijivu cha anga, mbali, rangi ya anga yenyewe ikiwa imetiwa giza kidogo tu. Ukizipanga hizo tatu bila wimbi hata moja, maji yatalala chini. Mawimbi yaje baadaye, makubwa na yenye nafasi mbele, membamba na yaliyobanana nyuma, hadi yapotee kabisa.

Kosa la pili ni la mwanga na giza. Kunja macho mpaka maelezo yapotee. Siku nyingi utaona anga ndiyo angavu zaidi, maji yanafuata, na vitu vilivyosimama wima, yaani ubavu wa meli, ukuta wa gati na mafunjo, ndivyo vyenye giza. Kabla ya kupaka, chora mpango huo kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kidogo kama sanduku la kiberiti: angavu, kati, giza, basi. Picha yako ikikwama baadaye, ipige kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Mwaka 1872 mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora bandari ya Le Havre, Ufaransa, alfajiri, na jua lake la machungwa linaonekana kuwaka. Ukiigeuza picha hiyo kuwa nyeusi na nyeupe, jua karibu linatoweka, maana mwangaza wake unalingana na wa mawingu yanayolizunguka. Linawaka kwa rangi peke yake. Alijua kutenganisha mambo hayo mawili, na ni jambo la kulifanyia mazoezi kila wiki.

Taswira ya meli majini ichorwe vipi?

Hushuka wima kuelekea kwako, siku zote, hata jua likiwa upande gani. Kivuli ndicho kinachofuata jua. Tofautisha hayo mawili kabla ya kugusa rangi.

Taswira haina ukali wa kitu chenyewe. Ubavu mweupe huonekana mweusi kidogo majini, na ubavu mweusi huonekana mwepesi kidogo. Vyote viwili hupokea uhudhurungi wa ghuba, hasa kwenye sehemu zenye giza. Maji yakitikisika, taswira hurefuka kuja chini na kukatika vipande vya mlalo. Mlingoti ulioinama kukuelekea huwa na taswira ndefu kuliko wenyewe. Ulioinama kwenda mbali, fupi.

Jambo moja la ghuba yetu: maji safi sana hayaonyeshi kivuli cha kitu, lakini maji ya tope hukipokea. Kwa hiyo asubuhi yenye jua, mtumbwi wa Dunga huwa na taswira inayoshuka wima na pia kivuli kinachokwenda upande. Chora vyote viwili, kila kimoja kwa mwelekeo wake.

Paka taswira rangi ikiwa mbichi: vuta brashi kavu kwenda chini, halafu mara moja au mbili kwa mlalo, kisha acha. Kuikoroga zaidi kunaiua.

Ni saa ngapi nzuri ya kuchora?

Kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi kama saa tatu. Upepo wa ziwa haujaanza kuvuma kuja nchi kavu, maji yametulia, taswira ziko kamili, na jua linatoka nyuma ya mji na kuangaza mbavu za vyombo. Kuelekea adhuhuri, ambayo kwa jua hapa huwa karibu na saa saba kasoro, mwanga hushuka utosini. Machi na Septemba jua hupita karibu wima kabisa. Vivuli hujificha chini ya vitu, na rangi zote hupauka. Alasiri huja mawimbi madogo, na mara nyingi mawingu ya mvua yenye rangi nzuri mno kwa anayejua kuchora anga.

Nataka machweo. Yananiponyoka.

Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, na giza huja upesi. Huwezi kumaliza picha ya mafuta ndani ya muda huo. Andaa paleti mapema, rangi za anga zikiwa zimechanganywa tayari kwa mafungu, kisha jua linapogusa vilima paka anga na mstari wa mwanga majini tu, kwenye kipande kidogo. Meli ziongeze nyumbani. Zitakuwa umbo la giza, na giza hilo lisiwe jeusi tupu: siena kidogo upande ulio karibu na mwanga, ultramarini upande wa mbali.

Magugu maji yanaharibu mandhari. Niyaache nje?

Yachore. Ni sehemu ya ghuba, na kwa mchoraji yana faida: yanakupa kijani chenye mlalo kinachoonyesha uso wa maji ulipo. Usichore jani moja moja. Weka ukanda wa kijani cha giza, juu yake madoa ya kijani chepesi cha oka na ultramarini yenye nyeupe, na maua ya zambarau hafifu machache, yasiyolingana. Kwa mbali ukanda uwe mwembamba kama uzi.

## Meli zenyewe

Nianzeje umbo la meli?

Na sanduku. Chora sanduku refu lililokaa majini kwa mtazamo unaouona, gawa uso wake wa juu kwa mstari wa katikati kutoka tezi (upande wa nyuma) hadi omo, kisha bana upande wa omo hadi ukutane na mstari huo. Daraja la meli na bomba la moshi ni visanduku vidogo vinavyokaa juu ya mstari uleule wa katikati. Mlingoti usiosimama juu ya mstari huo ndio unaofanya meli nzima ionekane imepinda.

Kwa mtumbwi, chora namba 8 iliyolala, kitanzi kikubwa kikiwa upande ulio karibu nawe. Mistari yake inakuwa kingo za juu za mbavu mbili. Teremsha mistari ya omo na tezi hadi majini, uunganishe chini, na utaona tumbo la mtumbwi linajitokeza.

Nitajuaje kama nione ndani ya chombo au la?

Upeo uko kwenye kimo cha macho yako, hata kama vilima vya ng'ambo vimeuficha. Kitu kilicho chini ya upeo unakiona kutoka juu. Kilicho juu yake unakiona kutoka chini. Ukisimama ufuoni unaona mbao za kukalia ndani ya mtumbwi, lakini sitaha ya feri huioni. Ukichora vyote viwili kutoka juu, picha itakuwa na wachoraji wawili ndani yake.

Meli yangu inaelea hewani. Nimekosa wapi?

Karibu kila mara kosa liko kwenye mstari wa maji, na hapo panastahili muda wako kuliko mahali pengine popote kwenye meli.

Kwanza, wanaoanza huupinda mstari huo kama ndizi. Ukiwa ufuoni macho yako hayako juu sana, na mstari wa maji wa meli iliyo mbali kidogo huwa karibu kunyooka kabisa. Pili, wanaacha mwanya mwembamba kati ya ubavu na taswira yake. Pasiwe na mwanya: taswira huanza pale pale ubavu unapoishia. Tatu, wanaufanya ukingo uwe mkali kuanzia omo hadi tezi. Uvunje. Mahali pamoja acha giza la ubavu lizame ndani ya giza la taswira mpaka usijue kipi ni kipi, mahali pengine piga mstari mwembamba wa mwanga ambapo wimbi limeshika jua.

Halafu tazama ukanda wa chini wa ubavu. Meli tupu hupanda juu na kuonyesha rangi ya chini, mara nyingi nyekundu iliyofifia, yenye ukijani wa mwani. Meli iliyopakia huizamisha. Ukiuchora ukanda huo kwa uaminifu, mtazamaji atahisi uzito wa shehena bila kuuona.

Kutu ninaipataje?

Siena iliyochomwa, oka kidogo, na penye unyevu ultramarini ili ielekee zambarau. Iweke ikiteremka kutoka kwenye tundu la nanga na viungo vya mabati, juu ya rangi iliyokwisha kukauka, halafu ifute nusu kwa kitambaa. Kidogo kinatosha.

Kamba, nyaya na majina ya vyombo?

Mwisho kabisa, rangi ikiwa imekauka chini. Lainisha rangi na mafuta kidogo, tumia brashi yenye nywele ndefu, na uvute mstari kwa bega, si kwa vidole. Kamba hulegea katikati kwa uzito wake, na hupotea pale inapopita mbele ya giza. Jina la mtumbwi likiwa karibu liandike kama lilivyo. Likiwa mbali acha alama tu za rangi.

Naweza kuhamisha meli au kurudisha iliyokwisha kuondoka?

Ndiyo, na wakubwa walifanya hivyo. Mchoraji Mwingereza Turner alipochora meli ya kivita Temeraire mwaka 1839 ikivutwa kwenda kuvunjwa, aliichora na milingoti yake, ingawa ilikuwa imekwisha kung'olewa kabla ya safari hiyo. Sharti moja: mwanga uwe mmoja. Meli uliyoitoa kwenye picha ya saa sita usiiweke kwenye maji ya asubuhi.

## Tabaka na kukauka

Nasikia kuhusu tabaka zenye mafuta mengi juu ya zenye mafuta machache. Maana yake nini kwa vitendo?

Tabaka la kwanza lilainishe kwa tapentaini kidogo. La pili tumia rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu. La mwisho, kama ni lazima, ongeza matone ya mafuta ya kitani. Rangi yenye mafuta mengi hukauka polepole na huendelea kujongea. Ukiifunika kwa tabaka linalokauka upesi, la juu litapasuka. Ndiyo maana umba, inayokauka haraka, ni nzuri chini.

Rangi zangu zimegeuka tope.

Umechanganya rangi nyingi mno, au umepaka tena na tena juu ya ubichi. Mchanganyiko wowote uwe wa rangi mbili na nyeupe, tatu kwa nadra. Futa brashi kwa kitambaa kila unapobadilisha rangi. Sehemu ikishaharibika, ikwangue yote kwa kisu na uanze upya hapo hapo.

Nipake vanishi lini?

Tabaka jembamba hukauka kuguswa kwa siku chache hadi wiki, lakini ndani kazi inaendelea. Subiri miezi sita hadi mwaka, zaidi kama umepaka kwa unene.

## Ufuoni na usalama

Nahitaji ruhusa kuchora bandarini?

Ndani ya geti, ndiyo. Bandari iko chini ya Mamlaka ya Bandari za Kenya, kwa hiyo uliza ofisini kabla ya kufungua stendi ya kuchorea, na usielekeze simu kwa walinzi wala vyombo vya ulinzi. Kwenye fuo za wavuvi, salimia kwanza kamati ya ufuo, kisha mwenye mtumbwi. Mzee akijua unachora chombo chake, atakueleza kilivyoundwa, na maelezo hayo yataingia kwenye picha. Wamama wanaokaanga samaki wasipigwe picha bila kuulizwa.

Dunga na Hippo Point zina viboko. Giza linapoingia wanatoka majini kula nyasi. Ondoka kando ya mafunjo kabla ya hapo.

Picha ya simu haitoshi? Kwa nini nihangaike na jua?

Simu hugeuza vivuli kuwa vyeusi na anga kuwa nyeupe, na hapo katikati ndipo bandari ilipo. Itumie kwa umbo la kreni na idadi ya madirisha. Mwanga uchukue mwenyewe, kwa kipande kidogo cha rangi au kwa penseli na maneno pembeni: "maji hapa meusi kuliko anga", "ubavu huu una kijani". Willem van de Velde Mkubwa, Mholanzi wa karne ya 17, alipanda mashua na kuchora vita vya baharini kwa macho yake, na michoro ya namna hiyo ikawa hazina ya karakana ambamo mwanawe alichora kwa rangi za mafuta. Ni njia nzuri hadi leo: ufuoni kumbukumbu, nyumbani picha.

Tapentaini na matambara nivitunzeje?

Chora penye hewa, na mkebe wa tapentaini uwe na kifuniko. Iliyochafuka iache itulie, mimina ile safi ya juu uitumie tena, na mashapo yake yasiende ziwani wala mtaroni.

Matambara yenye mafuta ya kitani yaliyokunjwakunjwa kwenye pipa yanaweza kujiwasha yenyewe, kwa sababu mafuta yakiungana na oksijeni hutoa joto. Yatandaze moja moja nje yakauke, au yatie kwenye mkebe wa chuma wenye maji na kifuniko. Tafadhali usilipuuze hili, hasa kama unachorea chumba unacholala.

## Mambo ya nadra

Wadudu wa ziwa wameganda kwenye rangi mbichi. Nifanyeje?

Wakija kwa wingu, geuza picha uso chini na usubiri wapite. Walioganda usiwaokote, utaburuta rangi. Acha ikauke kabisa, kisha wapanguse kwa brashi ngumu kavu. Miguu itakayobaki itoke kwa ncha ya kisu.

Nabebaje picha mbichi kwenye matatu au boda boda?

Chora hadibodi mbili za ukubwa mmoja. Zielekeze uso kwa uso, weka vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe nne ili zisigusane, zifunge kwa kamba. Kwenye boda boda zibebe mgongoni kwenye begi, ukingo ukielekea mbele, la sivyo upepo utakugeuza tanga.

Mvua imenyeshea picha yangu.

Maji na mafuta hayachanganyiki, kwa hiyo usifute. Simamisha picha, acha matone yatiririke na kukauka. Nyuma ya hadibodi ndiko kwa kuhofia: ikilowa huvimba, kwa hiyo ipake jeso pande zote mbili tangu mwanzo.

Picha niliyoifungia kabatini imegeuka manjano.

Mafuta ya kitani hufanya hivyo gizani. Iweke karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha, jua lisiipige moja kwa moja, kwa wiki kadhaa, na nyeupe zitarudi kwa kiasi kikubwa. Zisiporudi, kilichobadilika huenda ni vanishi au moshi wa jikoni. Moshi jaribu kuutoa kwenye kona moja kwa pamba iliyoloweshwa maji kidogo sana, na ukiona rangi kwenye pamba, acha mara moja.